Krosi ya Ukweni

Mizani hakuwa na bastola. Hakuwa na kitambulisho cha polisi, wala koti refu, wala kofia ya kufunikia macho. Hakuwa na goti la kushoto linalokunjika bila kulalamika. Hakuwa na leseni ya udereva, kwa sababu hakujua kuendesha gari, jambo ambalo hakupenda litajwe mbele ya wageni. Hakuwa na magego mawili ya juu, hakuwa na subira na watu wanaosema "kama kilo hivi", na tangu astaafu, miaka kumi na mmoja iliyopita, hakuwa tena na mtu wa kumkagua.

Alichokuwa nacho ni jina, na kalipa moja ya chuma ya kupimia unene wa vitu. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Aliingia madukani, akapanga mawe yake ya kilo, akapima, na wenye maduka wakatokwa na jasho. Watu walisahau jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Mizani, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Jumatano hiyo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, alikuwa amekaa kwenye stuli katika banda la nyuma ya nyumba yake, akitazama viatu viwili vilivyochomoza chini ya gari. Gari lilikuwa jeupe, la milango minne, lenye umri wa miaka arobaini na minane. Aliachiwa na marehemu kaka yake. Viatu vilikuwa vya Fundi Nati.

"Mzee!" sauti ikatoka chini ya gari. "Nani ameosha krosi zangu?"

"Kuosha?"

"Zimekauka kama mifupa. Jumatatu nilizileta zimenona grisi. Leo zinanukia limau!"

Fundi Nati akajivuta nje. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye mikono ya mtu mara mbili yake. Aliitwa hivyo kwa sababu aliweza kutaja ukubwa wa nati kwa kuipapasa tu, macho yamefumbwa. Mkononi alishika krosi: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, kila ncha imevaa kikombe kidogo chenye beringi ndani yake. Gari lilihitaji krosi mbili. Moja mbele, moja nyuma, kwenye viungo vya propela, lile bomba refu linalopita chini ya gari kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma. Bila krosi, injini inanguruma na gari linabaki palepale.

"Na hii ya pili si yangu kabisa," alisema. "Imebadilishwa."

Mizani akainuka. Kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, hakubishana kwanza. Alikwenda kwenye rafu kuchukua kalipa. Skrubu yake ilikuwa imekazwa, taya zimesimama kwenye milimita ishirini na nane na nusu. Akailegeza akiwa anawaza mengine, akarudi, akapima vikombe vyote vinane, kimoja baada ya kingine.

"Ishirini na saba," alitangaza. "Vyote vinane. Krosi mbili sawasawa kabisa. Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya uko kwenye difu. Hebu inama."

"Goti."

"Basi niamini. Tundu la propela ni ishirini na saba. Tundu la difu ni ishirini na nane na nusu. Kikombe hiki kinacheza humo ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Difu hii si ya gari hili, Mzee. Imetoka kwenye gari kubwa zaidi, mtu akaifunga zamani. Kwa hiyo krosi ya nyuma lazima iwe na vikombe viwili vyembamba upande wa propela, na viwili vinene upande wa difu. Gereji tunaiita krosi ya ukweni. Inaunganisha koo mbili zisizolingana, na kazi inakwenda."

"Kaka yangu hakubadilisha difu. Angeniambia."

"Labda."

"Labda si kipimo, Fundi." Mizani akaanza kutembea, hatua tatu kwenda na tatu kurudi, kwa kuwa banda halikuruhusu zaidi. "Unataka nisadiki kwamba ulinunua krosi mpya yenye miguu miwili minene na miwili myembamba, ukaridhika nayo?"

"Niliiagiza. Imechukua wiki tano kufika."

"Kisha mwizi akaja. Akaacha spana, akaacha betri, akaacha redio. Akachukua krosi yenye kasoro, akaweka badala yake nzima. Akaziosha zote mbili kwa sabuni ya limau. Akafunga maboksi vizuri. Akaenda zake."

"Ukisema hivyo inakuwa kichekesho."

"Kwa sababu ni kichekesho! Isipokuwa kama fundi amenunua krosi isiyo yenyewe, na sasa anatafuta mwizi wa kumtwisha mzigo."

Fundi Nati akachukua kitambaa akafuta vidole, kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vikaisha.

"Miaka mitatu niko chini ya gari hili," alisema. "Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

"Sijawahi. Ndiyo maana nilikubali kukuandikia barua. Na ndiyo maana leo siwezi kuiandika."

Barua hiyo ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe. Chuo cha ufundi kilitafuta mwalimu wa magari, na Fundi Nati alikuwa ameomba. Alichoka kulala chini ya magari ya watu. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumwambia hivyo kila asubuhi. Fomu ilitaka barua ya mdhamini mmoja, mtu mwenye heshima asiye ndugu, nayo ipigwe muhuri wa posta kabla ya saa kumi Ijumaa. Jina la mdhamini lilikwisha jazwa kwa wino. Mkuu wa chuo aliwahi kusema kwamba watu wengine wakisaini huo ni wino tu, lakini sahihi ya Mizani ni kilo kamili.

"Basi mkamate huyo mwizi, Mzee," Fundi alisema, akikusanya spana. "Leo ni Jumatano. Dirisha la posta likifungwa Ijumaa, na mimi nimefungiwa nje."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Mke wa Mizani alisimama kizingitini na sahani na taulo mikononi, kwa maana hakuwa mtu wa kuonekana mikono mitupu.

"Baba Watoto, mbona kelele? Kimeibiwa nini?"

"Krosi!" Mizani alinguruma. "Krosi ya gari imebadilishwa! Na nitakayemkamata atafikishwa mbele ya sheria, hata akiwa wa tumbo moja na mimi!"

Sahani ikateleza, ikapasuka vipande vitatu. Ilikuwa ya kwanza kuvunjika nyumbani humo kwa miaka mingi. Mizani aliiandika katika daftari lake la upelelezi, chini ya kichwa "Ajali", kisha akafunga banda kwa kufuli, akatia ufunguo kwenye kamba ya kiatu na kuuvaa shingoni. Tangu siku hiyo, alitangaza, asiingie mtu hapo, awe fundi, mgeni au mke.

"Hata mimi?" mke wake aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata wewe. Mahali pa uhalifu hapafutwi vumbi."

Mtuhumiwa wa kwanza, ukimwacha fundi mwenyewe, alikuwa jirani wa upande wa kulia. Watu walimwita Bwana Honi, kwa sababu hakupita kona, mbuzi wala rafiki bila kupiga honi. Alikuwa na gari la aina ileile, la mwaka uleule, lakini jekundu. Mtu mwenye gari kama lako huwa na sababu nzuri ya kutamani vipuri vyako.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Mizani aligonga mlango wake, daftari mkononi.

"Jumanne, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, mimi nilikuwa hospitali kwa ajili ya goti. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwako, jirani!" Bwana Honi alijibu kwa furaha. "Nilikuja saa nne kuazima jeki. Shemeji alikuwa bandani anafuta vumbi, akanipa."

"Mke wangu hufuta vumbi kila Jumanne. Hilo najua. Uliondoka na nini?"

"Jeki."

"Jeki peke yake?"

Bwana Honi akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Akatazama kopo kubwa la rangi lililokuwa nyuma ya mlango, kisha akaacha haraka kulitazama. Mizani, aliyewahi kuvumbua jiwe la kilo lenye tundu ndani kwa kufuata macho ya muuza sukari, akalifungua kopo.

Ndani kulikuwa na honi.

"Hii ni ya gari langu," Mizani alisema.

"Nimeiazima! Gari lako haliendi popote, jirani, tusidanganyane. Miaka mitatu honi nzuri kama hiyo imekaa bubu. Nikaionea huruma."

"Na krosi?"

"Krosi ya nini? Zangu ni nzima. Kapime!"

Mizani akapima. Ilibidi alale chali kwenye mkeka chini ya gari jekundu, zoezi ambalo lilimchukua dakika nne kushuka na, kwa msaada wa Bwana Honi na mkewe, dakika tisa kuinuka. Lakini huko chini aliona mambo mawili. La kwanza, matundu ya gari la Bwana Honi yote yalikuwa ya ishirini na saba, mbele na nyuma. Krosi ya ukweni isingemfaa hata kwa kuzuia mlango usifungwe na upepo. La pili lilimfanya abaki amelala kwa muda hata baada ya kumaliza. Difu ya gari hilo ilifungwa kwa boliti nne. Ya gari lake, aliyoitazama kila siku kutoka kwenye stuli, ilifungwa kwa boliti sita.

Kwa hiyo Fundi alisema kweli juu ya difu. Difu ilikuwa ya kuja, na kaka yake hakumwambia. Mizani aliandika hilo daftarini kwa herufi ndogo kuliko nyingine.

Saa sita kasoro robo alisimama mbele ya kaunta ya Bwana Vipuri, mtu mnene aliyekuwa akiuza vipuri tangu magari yalipokuwa yakiwashwa kwa kuzungushwa mkono. Rafu zake zilifika darini, na katikati ya yote alikaa yeye, kikombe cha chai juu ya tumbo.

"Jumatatu Fundi Nati alichukua krosi mbili hapa," Mizani alianza.

"Alichukua."

"Zinalingana?"

"Moja ya kawaida, moja ya ukweni. Niliiagiza mimi mwenyewe."

Mizani akashusha pumzi, lakini nusu tu. Muuzaji na fundi huweza kupanga maneno. "Na Jumanne?"

Bwana Vipuri akanywa chai, taratibu mno kwa mtu asiye na la kuficha. "Jumanne alikuja mteja akairudisha ile ya ukweni. Akasema mguu mmoja umezidi mwenzake, hiyo ni bidhaa mbovu. Nikamweleza. Hakutaka maelezo. Alitaka inayolingana. Akaiweka hapa, imefungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Miaka yote ya biashara, sijapata kuona krosi safi vile. Ungeweza kulia chakula juu yake."

"Ukakubali?"

"Alinisomea sheria ya vipimo! Kifungu kwa kifungu! Mtu anasimama hapo ulipo wewe, ananiambia kifungu cha kumi na nne, vitu viuzwavyo kwa jozi vilingane."

Macho ya Mizani yakang'aa. "Kifungu cha kumi na nne ni sahihi kabisa," alisema. "Kumbe bado wapo watu waliosoma! Ni nani huyo?"

"Siwezi kusema. Aliniapisha."

"Bwana Vipuri, mimi ni mkaguzi."

"Ulikuwa mkaguzi. Sasa wewe ni mteja, na hujanunua kitu." Akaweka kikombe chini. "Nitakwambia hili tu. Amekuja tena leo asubuhi, saa tatu, nilipofungua tu. Akaichukua ileile ya ukweni, akarudisha ile nyingine niliyompa… hapana, hakuirudisha. Alisema mahali ilipo pamefungwa kwa kufuli. Alikuwa karibu kulia."

Mizani alitembea kurudi nyumbani akipanga mambo kichwani. Palikuwa na mtu msomi, msafi, mjua sheria, mwenye kuingia bandani mwake bila kuvunja kitu. Fundi Nati angeweza kumtuma mtu wa namna hiyo. Lakini kwa nini? Usiku huo alikula nusu ya chakula chake. Mke wake naye alikula nusu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake sababu.

Ijumaa saa mbili asubuhi, alipokuwa akifuta kalipa, kidole chake kiligusa skrubu, akashtuka kama aliyeumwa na siafu.

Ishirini na nane na nusu! Jumatano asubuhi kalipa ilikuwa imekazwa kwenye kipimo kilekile cha kikombe kinene. Yeye hakuwahi kupima kitu cha kipimo hicho. Kwa hiyo aliyeikaza ndiye aliyeishika krosi ya ukweni, papo hapo bandani. Inawezekana ni Fundi mwenyewe, Jumatatu. Inawezekana ni mwingine. Lakini mkono una mazoea yake. Watu wengi hupima, husoma, huachia. Wachache mno hukaza skrubu kwanza, ili kipimo kisitoroke kabla ya kuandikwa. Mwenye mazoea hayo angejifichua mwenyewe.

Saa tano kamili wote walikuwa sebuleni kwake: Fundi Nati kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono kifuani, Bwana Honi kwenye kochi, honi ya watu magotini, Bwana Vipuri kwenye viti viwili. Mke wake alikuwa jikoni akiandaa chai. Mizani alisimama katikati, fulana ndani ya suruali, suruali ndani ya mkanda.

"Nimewaita," alisema, "kwa sababu mwizi yumo katika nyumba hii."

"Mimi nimesharudisha," Bwana Honi akasema.

"Si honi! Nyamaza. Kila mmoja atapima kitu kimoja, basi." Akavua pete yake ya ndoa, ambayo ilimpa taabu kwenye kifundo cha kidole, akaiweka mezani na kalipa kando yake. "Upana wa nje. Anza, jirani."

Bwana Honi akashika kalipa kichwa chini, akaichungulia kwa jicho moja, kisha kwa jingine. "Hapa pameandikwa kumi na mbili. Au ishirini na moja. Namba zimelala."

"Inatosha. Bwana Vipuri."

"Mimi napima kwa jicho," alisema Bwana Vipuri bila kuinuka. "Ishirini na mbili na ushee."

"Ushee si kipimo! Fundi."

Fundi Nati akainuka, akabana pete, akasoma kwa mara moja: "Ishirini na mbili na nusu." Akaachia taya, akaitupa kalipa mezani wazi kama mdomo wa samaki, akarudi kukaa. Hakugusa skrubu.

Mizani akabaki amesimama. Hakuna aliyeikaza. Hesabu yake yote ilikuwa imemwagika sakafuni. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi na saba, na Fundi Nati alikuwa akiitazama saa hiyo, si yeye.

Hapo ndipo mke wake alipoingia na sinia la chai. Aliliweka mezani, akaona kalipa, uso ukakunjamana.

"Nani ameacha kitu hiki wazi hivi? Kinaingia vumbi."

Akakichukua. Akabana pete taratibu. Kwa kidole gumba akakaza skrubu, mara moja na nusu, kama mtu afungaye kishikizo cha shati alilolizoea. Akafuta chuma kwa taulo lake la vyombo, akampa mumewe.

"Ishirini na mbili na nusu," alisema. "Vilevile kama siku tulipoinunua."

Mizani aliitazama skrubu. Harufu ya sabuni ya limau ilipanda kutoka kwenye taulo, polepole, ikamfikia puani. Akakumbuka aliyekuwa akimshikia kitabu jioni baada ya jioni, miaka ile ya shule ya watu wazima, yeye akikariri sheria ya vipimo kwa ajili ya mtihani, kifungu cha kumi na nne kikimshinda, na sauti ya jikoni ikimkumbusha.

"Mama Watoto," alisema. "Jumanne, kati ya saa tatu na saa nane, ulikuwa wapi?"

"Unaniuliza kama mume au kama mkaguzi?"

"Kama mkaguzi."

"Basi jiweke sawa, fulana imechomoka." Akaketi. Kisha akainua kifuniko cha birika la wageni, lile lisilotumiwa, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe na kukiweka kati ya vikombe. Ilikuwa krosi ya ukweni, inameta kama kijiko cha harusi.

"Umeiosha tena!" Fundi Nati akapiga kelele.

"Ilirudi na vumbi la dukani, mwanangu. Nisamehe."

"Kwa nini?" Mizani aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

"Nilikuwa nafuta vumbi. Nikazifungua, zimepakwa mafuta machafu, nikaziosha. Ndipo nikaona moja miguu yake hailingani. Nikapima kama ulivyonifundisha. Nikajua Fundi ameuziwa kitu kibovu. Na nakujua wewe. Ungeiona, ungesema fundi asiyekagua anachonunua hafai kufundisha watoto wa watu, na barua usingeiandika. Binti wa watu angekosa kazi kwa milimita moja na nusu! Nikaenda kuibadilisha, na hiyo mpya nayo nikaiosha, ili uzikute sawa, ufurahi, uandike."

"Na Jumatano mbona hukusema?"

"Ulisema utapeleka mtu mahakamani, hata akiwa wa tumbo moja na wewe. Mimi si wa tumbo moja na wewe, nikaona nitapata kifungo kirefu zaidi. Jana nikaifuata dukani niirudishe kimyakimya. Nikafika nyumbani, banda lina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwako, unalala nao."

Bwana Honi alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Lakini difu," Mizani alisema, akijishika kwenye jambo la mwisho lililobaki wima. "Kaka yangu…"

"Nilimuuzia mimi," akasema Bwana Vipuri. "Ya kwanza ilivunjika meno, ya aina yake haikupatikana, tukafunga ya gari kubwa. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, 'Mdogo wangu akijua kwamba nyuma hakulingani na mbele, hatapanda gari langu tena, na mimi nani atanisindikiza?' Familia hii imeniapisha mara mbili sasa. Nimechoka."

Mizani akaketi kwenye mkono wa kochi. Miaka ishirini alipanda gari hilo kando ya kaka yake, wakibishana juu ya kila kitu duniani, na miaka yote hiyo lilikwenda vizuri kabisa.

"Kwa hiyo watu wote," alisema, "mnanificha visivyolingana."

"Si wote," alisema Bwana Honi. "Mimi nilikuficha honi tu."

Mizani hakucheka. Aliinuka, akaenda mpaka kiti cha karibu na mlango, akasimama mbele ya Fundi Nati kama alivyozoea kuwaona wenye maduka wakisimama mbele yake.

"Fundi," alisema, na kila neno lilitoka kwa shida, kama pete ile. "Nilikupima nikakuona umepungua. Kumbe jiwe ndilo lilikuwa bovu. Jiwe lilikuwa langu. Nisamehe."

Fundi Nati alimtazama kwa muda mrefu wa kutosha kumtia jasho.

"Nipe ufunguo, Mzee," alisema hatimaye. "Wewe kaandike. Mimi nikafunge krosi. Na wewe, Mama, usinigusie hiyo grisi."

Mizani aliandika kwenye meza ya chakula. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, akaichana. Ya pili ilikuwa na kifungu cha kumi na nne, akaichana nayo. Saa tisa na nusu kutoka bandani kulisikika mngurumo, kisha kelele ya Bwana Honi, kisha mke wake akipiga makofi. Gari jeupe lilikuwa limetoka bandani kwa nguvu zake lenyewe.

Posta ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa goti lile. Fundi Nati akashika usukani, Mizani akaketi kando yake, mke wake nyuma na taulo lake. Honi ilikuwa haijarudishwa mahali pake, kwa hiyo Bwana Honi aliwatangulia kwa gari lake jekundu, akipiga yake kwa niaba ya wote wawili, kona kwa kona, hata pasipokuwa na kona. Chini ya sakafu, pale miguuni pa Mizani, propela ilizunguka bila kugonga, bila kutetemeka. Alisikiliza njia nzima.

Walifika saa tisa na dakika hamsini. Mbele ya dirisha akampa Fundi karatasi aisome kabla haijafungwa. Ilikuwa na mistari michache:

"Mkuu wa Chuo. Mwombaji huyu alinunua kitu ambacho mimi, kwa elimu yangu yote, nilikiita kibovu. Alikuwa sahihi nami nilikosea, na hakubadilisha neno lake ingawa lilikuwa karibu kumkosesha kazi. Watoto wakifundishwa naye watajua kuunganisha vitu ambavyo mtu kama mimi angevitupa. Nimekagua. Nathibitisha."

Fundi Nati akaikunja, akamrudishia, akageuka kutazama barabara kwa muda.

Karani akaweka bahasha kwenye mizani ya posta. Mizani akaona, kabla bahasha haijaigusa, kwamba mshale wake haukulala kwenye sifuri. Ulizidi kidogo, unene wa unywele. Akafungua mdomo.

"Baba Watoto," mke wake akasema taratibu nyuma yake.

Akaufunga.

Karani akamsukumia stempu mbili, moja kubwa ya bluu, moja ndogo ya kahawia. "Zinazofanana zimekwisha, Mzee."

Mizani akazitazama moja, kisha nyingine. Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga na kuibana kwa ngumi. Akailamba stempu kubwa, akaibandika. Akailamba ndogo, akaibandika kando yake, upogo kidogo. Muhuri ukashuka juu ya zote mbili, na saa tisa na dakika hamsini na sita barua ikaingia kwenye mfuko wa posta.